Kiti cha Kile cha Watoto

Usiku wa kuamkia leo niliota nimeajiriwa kuyapangia magonjwa viti. Msinicheke. Kazi yangu ya mchana ni hiyohiyo, tofauti ni viti tu: nakaa na fomu za vituo vitatu vya utafiti, naoanisha maneno, ili ugonjwa ulioandikwa huku usomeke vilevile kule. Jana nilikuwa nimechoka taabani. Maneno yaliyonishinda nikayatupa kwenye fungu la "Mengineyo", nikaenda zangu kulala. Orodha ilikuwa ifungwe leo saa tatu asubuhi, na ikishafungwa, imefungwa.

Basi niko ukumbini. Viti vimepangwa kama vya harusi, na mbele, juu ya meza, yuko Muhuri wa ofisi yetu, kavaa tai.

"Kibwana," ananiita. "Sheria unaijua?"

"Ugonjwa mmoja, kiti kimoja."

"Na asiye na kiti?"

"Mengineyo."

Kumbe Mengineyo ni mlango, uko nyuma ya ukumbi. Nachungulia. Ndani wamo akina mama kumi na saba, kila mmoja na mtoto mgongoni, wote wamesimama. Humo hamna hata kigoda.

"Shikamooni. Watoto wanaumwa nini?"

"Kile," wananijibu.

"Kile kipi?"

"Kile cha watoto."

Hapo nikawajua, nikaona haya. Ni fomu za kituo cha tatu. Huko mama hautaji ugonjwa ule, maana lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Mdodosaji naye ni mwenyeji wa hukohuko, alivyoambiwa ndivyo alivyoandika: kile cha watoto. Nami sikujisumbua kumuuliza.

"Orodha ikifungwa, wanetu watakuwa wapi?" anauliza mama mmoja mrefu.

"Watahesabiwa humuhumu."

"Mengineyo? Nani atahangaika kutafuta dawa ya mengineyo?"

Nilirudi kwa Muhuri nikamwomba awaite watoto kwa jina ambalo kituo cha kwanza kinauita ugonjwa ule. Muhuri akakohoa, akasoma kwa sauti: "Degedege!"

Dirishani akaingia ndege mkubwa, akakung'uta manyoya, akakaa kitini.

"Naam," akasema.

"Wewe ndiwe ugonjwa?" nikamuuliza.

"Mimi ndege. Nimeitwa, nimekuja. Kwani kuna chakula?"

Muhuri akasoma tena. Akaingia ndege wa pili, kisha wa tatu, na wote wakauliza habari ya chakula. Akina mama wakafunga mlango kwa ndani.

"Jaribu jina la kituo cha pili," nikasema.

"Kukakamaa kwa Homa!"

Mlango haukufunguka. Jina hilo ni la daktari, na akina mama hawakujua kwamba ndio wanaoitwa.

Sasa tuko jikoni kwetu Mlingotini. Ukumbi umekwenda wapi, sijui. Muhuri kakaa juu ya kinu, tai yake iko palepale, na mlango wa Mengineyo umehamia pembeni mwa mafiga. Ananitazama.

"Saa tatu kasorobo," anasema. "Nifunge?"

"Wewe, subiri!"

Nikaokota mkaa, nikageuza kiti kimoja kilichotufuata toka ukumbini, nikaandika mgongoni pake namba iliyokuwa bado wazi orodhani: 306. Kisha nikachana karatasi tatu, nikaandika majina yote matatu, kila jina karatasi yake, nikazikunja na kuzifunga chini ya kiti kwa uzi. "Anayesema jina la kwanza, kiti chake hiki," nikaeleza. "Anayesema la pili, hikihiki. Asiyetaka kutaja kitu, hikihiki pia. Hakuna jina linalotupwa. Ila ukiita, ita namba. Namba haimtishi mtu."

Muhuri akafikiri mpaka wino ukamchuruzika kwenye tai.

"Sheria haijavunjwa," akakubali. "Mia tatu na sita!"

Ndege hakuja hata mmoja. Mlango ukafunguliwa, akina mama wakatoka mmojammoja, wakakaa, wote kumi na saba kwenye kiti kimoja, na wakaenea. Nilitaka sana kujua wameeneaje, lakini mlangoni alikuwa amebaki mmoja.

Alikuwa mama yangu. Kijana kabisa, mdogo kuliko mimi, na mtoto aliye mgongoni pake ni mimi, nimekakamaa kama kuni, macho yamegeuka juu.

"Mama, wewe hukuandikwa kwenye fomu."

"Najua. Fomu zenu hazikuwapo wakati huo. Nimesimama miaka thelathini na minne, Kibwana. Hebu nipishe."

"Kumbe nami niliugua—"

"Ishia hapohapo," akanikata, akakaa.

Nikaamshwa na simu. Ilikuwa saa kumi na mbili na nusu, na mpigaji ni yeye mwenyewe.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba. Hujambo? Mwenzio sijui nimelalaje, mgongo hoi! Kama nimebeba mtoto usiku kucha."

Nikawasha kompyuta kwa mkono mmoja, nikafungua fungu la Mengineyo. Zilikuwamo fomu kumi na saba. Nikaanza kuzitoa.

"Mama, nilipokuwa mdogo niliwahi kuugua kile cha watoto?"

Nikasikia sufuria ikiwekwa chini.

"Nani kakwambia?" sauti ilikuwa ya chini. "Mimi sijamwambia kiumbe. Hata baba yako, alirudi safari umeshapona."

"Sijaambiwa na mtu. Nilikuwa nauliza tu. Nipo kazini hapa, hao watoto nawatafutia kiti."

"Kiti nimekiona," akasema mama. "Nashukuru. Lakini kigumu, jamani."