Maji ya Tangi

Fundi cherehani yule watu walimwita Sindano, wengine kwa wembamba wake, wengine kwa ulimi wake. Kiangazi kile alihamia duka kubwa zaidi, akawaalika wateja waje kuliona. Wifi yake, dada wa mumewe, mwanamke mpole asiyependa makuu, akamwambia, "Vinywaji niachie mimi."

Wifi akachuma mchaichai na mnanaa nyuma ya nyumba yake, akavichemsha na tangawizi, akafunika sufuria mpaka majani yakatoa harufu yote. Akachuja kwa kitambaa, akairudisha sharubati hiyo jikoni pamoja na sukari, akakoroga hadi ikawa nzito, ndipo akakamulia ndimu na kuijaza kwenye chupa safi.

"Kidogo tu kwenye jagi, wifi yangu, kisha maji," alisema akimkabidhi. "Lakini yawe yaliyochemshwa. Nimekuletea ndoo nzima."

Wageni walifurika, na jua halikuwa na mchezo. Kila mtu alitaka glasi ya pili. Ndoo ilipoisha, Sindano alilitazama jiko, akawatazama watu wanavyojipepea, akaenda uani akajaza jagi kwenye tangi. Maji ni maji, alijisemea.

Kesho yake mwoka mikate, mmoja wa wageni wale, hakufungua duka. Tumbo lilikuwa likimkata. Mchana wateja kadhaa walisimama mlangoni kwa Sindano, mwalimu akiwa mbele yao, amejishika tumbo. Wifi naye alikuwepo, amefuata chupa zake.

"Jana ulitunywesha nini, fundi?" mwalimu akauliza.

Ulimi ukamtangulia Sindano. "Wifi, hayo majani yako uliyaosha kweli?"

Wifi akazitazama chupa zake. "Niliyaosha," akasema taratibu. "Labda hayakutakata. Nisameheni, jamani."

Wakaondoka wakitikisa vichwa. Sindano akarudi kwenye cherehani, akashona mkono wa gauni upande usio wake, akafumua, akaukosea tena.

Juma lile mumewe akamwambia wakiwa mezani, "Dada amechimbua mnanaa wote. Anasema amekuharibia jina." Sindano akarudisha tonge sahanini, akainuka.

Akaenda. Akamkuta wifi anafagia uwanja.

"Wifi, yalikuwa maji," akasema hata kabla ya salamu. "Niliyachota kwenye tangi. Nilijua tangu pale mlangoni."

Ufagio ukasimama. "Na mimi huku nayakumbuka yale majani, jani kwa jani, natafuta nilipokosea!" Wifi akamkazia macho. "Uliniuliza mbele za watu. Leo unaniambia tukiwa wawili."

Alasiri hiyohiyo Sindano akapita mlango kwa mlango, uso chini, akikiri habari ya maji ya tangi. Mwalimu alimsikiliza akiwa amesimama kizingitini, hakumkaribisha ndani. Mwoka mikate akacheka. "Yamepita hayo, fundi! Tumbo si limepona? Na mimi nilivyomsema yule mama wa watu mtaa mzima..." Kicheko kikamkatika. Wote wawili wakatazama pembeni.

Baadhi ya wateja hawakurudi. Wifi aliitikia salamu zake, ila hakukanyaga dukani hadi mvua zilipoanza. Siku hiyo aliingia na kitambaa mkononi, akaomba ashonewe gauni.

"Simama hapa, wifi," Sindano akasema.

Akampima mabega, akampima kiuno, macho yake yamebaki kwenye futi, asithubutu kuyainua.