Mshale Umesimama Katikati

"Mashine inasema sawa," fundi alisema, akamgeuzia binti mpigaji gitaa mashine yake ndogo ya kupimia sauti ili ajionee mwenyewe. Mshale ulikuwa umesimama katikati, haupepesuki.

Mpigaji hakuutazama. Alikuwa ameketi nyuma ya gitaa lake la kulala, lenye miguu minne kama meza na pedali chini yake, kipande cha chuma mkononi. Alikanyaga pedali mbili, akapiga nyuzi tatu pamoja. Sauti ilitoka ikitetemeka kama mtu mwenye homa.

"Umesikia?"

"Nimesikia."

Fundi hakusikia mtetemo wowote. Mwaka wa pili sasa masikio yalikuwa yanamtoroka kidogo kidogo, na aliyejua ni mkewe peke yake, kwa kuwa ndiye aliyechoka kurudia maneno mezani. Mbele ya wateja fundi alijikausha. Alinunua mashine, akauacha mshale umsikilizie, na kwa magitaa ya kawaida mambo yalikwenda. Lakini gitaa hili lina unafiki wake. Ukikanyaga pedali, uzi mmoja unavutika juu, ubao unajikunja kidogo, na nyuzi nyingine zinalegea bila kuaga. Tena upo uzi ambao ukiukaza kama mashine inavyotaka, unagombana na wenzake. Sharti uushushe kiasi cha unywele mmoja, na unywele huo hupimwa kwa sikio. Yeye mwenyewe ndiye aliyewafundisha watu hivyo miaka thelathini.

"Saa kumi dada yangu anaingia ukumbini na bwana harusi wake," mpigaji alisema. "Wimbo wote umesimama kwenye hizi pedali mbili. Kama haiwezekani niambie tu, fundi, nisiende kuumbuka mbele ya wakwe."

Angeweza kusema pedali zimechakaa. Ni uongo safi, ungepita, na mdomo ulishafunguka kuusema. Kisha akaiona mikono ya yule binti, jinsi ilivyofunika nyuzi zisilie tena, na akaona aibu.

"Mwanangu, mimi sisikii vizuri siku hizi. Huo mtetemo siusikii."

Mpigaji aliondoa miguu kwenye pedali. "Tangu lini?"

"Tangu mwaka juzi."

"Na uliponirekebishia gitaa mara ya mwisho?"

"Ilikuwa mashine."

"Kumbe." Hakukasirika. "Mimi nilidhani ni mkono wangu umeharibika. Nimefanya mazoezi mpaka vidole vikavimba."

Afadhali angemtukana. Fundi alisimama na ufunguo wake wa kukazia nyuzi, akiwaza miezi yote ile binti wa watu alivyojilaumu kwa kosa lisilo lake. Halafu akapiga magoti, magoti yakalia, akagusisha meno kwenye ukingo wa ubao.

"Kanyaga zote mbili. Piga, usiache."

"Fundi, unakula gitaa langu?"

"Usinichekeshe, nitaling'ata kweli."

Mwanzoni alipata ladha ya vanishi tu. Kisha ule mtetemo ukaanza kumgonga ndani ya taya, mawimbi ya haraka haraka, moja likimsukuma jingine. Akazungusha ufunguo kidogo. Mawimbi yakapungua kasi. Akazungusha tena, kidogo kuliko mara ya kwanza, na yakawa yanakuja kivivu, yakaachana, mwishowe taya likatulia kabisa. Aliinua macho. Kwenye mashine mshale ulikuwa umeegemea kushoto.

"Mwenye masikio ni wewe," alisema. "Vipi?"

Mpigaji alitelezesha chuma juu ya nyuzi na kuupiga wimbo wa dada yake, wote, hadi mwisho. Alipomaliza akatazama saa ya ukutani. Muda ulikuwa umemwishia, na gari lilikuwa linamngoja nje. Akatazama chini. Fundi alikuwa bado amepiga magoti, safari hii amelilaza taya lake juu ya ubao, macho amefumba.

Mpigaji akarudisha miguu kwenye pedali, akaanza upya, polepole.