Majibu ya Namba Mia na Kumi na Mbili

Machinjioni walimwita Mama Matumbo, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kuosha utumbo wa ng'ombe, na umama wake uliishia hapo hapo kwenye jina. Mimba mbili zilikuwa zimetoka. Hii ya tatu ilikuwa na miezi minne, na mama mkwe alikwishasema waziwazi: ikitoka, naye atoke.

Asubuhi hiyo watu wa vipimo, wale watafiti wa mwaka jana, walirudi na meza yao, sindano zao, na sabuni ya kumpa kila atakayetoa damu. Alipangusa mikono kwenye gauni, akachomoa kadi aliyoitunza mwaka mzima, namba mia na kumi na mbili.

"Shikamoo, daktari. Mwaka jana mlinipima. Majibu yangu yalitoka?"

"Marahaba, mama. Yalitoka zamani, yamo kwenye ripoti."

"Inasemaje?"

"Waosha utumbo, watatu katika kila kumi, damu yao ina kingamwili za ule ugonjwa wa ng'ombe. Yaani vijidudu vyake vilishawaingia."

"Ule unaotoa mimba za ng'ombe?"

"Huo huo."

"Na mimi nimo?"

"Hatuwezi kujua. Tukishapata jumla, majibu ya mmoja mmoja tunayafuta. Tunalinda siri zenu."

"Siri yangu mnanificha mimi mwenyewe? Haya, dawa ipo?"

"Ipo. Nenda hospitali na majibu yako."

"Si ndiyo mliyoyafuta?"

Daktari aliinamia vichupa vyake. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililomuuma zaidi mwanamke yule.

"Tulipendekeza mpewe glavu," alisema daktari.

"Zinakuja," alidakia msimamizi wa machinjio, akatazama pembeni.

"Basi majibu ya leo niandikieni jina."

"Leo pia ni namba tu, mama."

Aliutoa mkono. Alijiona mjinga, lakini aliutoa. Huenda safari hii mtu angekumbuka uso wake. Akapewa kadi mpya, namba themanini na saba, na kipande cha sabuni.

"Mama Matumbo!" msimamizi aliita. "Huyu kumbe alikuwa na mimba. Njoo umtoe ndama, tunachelewa!"

Alizichomeka kadi zote mbili kifuani, akamwinamia ng'ombe aliyepasuliwa, akaingiza mikono mitupu hadi kwenye viwiko. Ndama alikuwa hajaota hata manyoya. Alimvuta taratibu, asije akamuumiza.