Shauri la Mlango wa Ghala

Moto ulianza kwa harufu nzuri. Sandarusi, ule utomvu mkavu unaochimbwa ardhini, ikiungua hunukia kama ubani, na wanawake waliokuwa wameketi mikekani ndani ya ghala la Bwana Taherali mjini Bagamoyo, wakichambua vipande safi na kutupa makapi, walidhani jirani anafukiza nyumba yake. Mwajabu ndiye aliyegeuka kwanza. Aliiona taa imelala ubavu juu ya rundo la makapi, na ulimi wa moto unayaramba makanda yaliyopangwa mpaka darini.

"Moto! Jamani, moto!"

Waliruka kwa pamoja wakaukimbilia mlango. Ulikuwa umefungwa kwa nje, kama siku zote. Mwaka uliotangulia Bwana Taherali aliibiwa sandarusi iliyokwisha kuoshwa, na tangu hapo akawa anawafungia wachambuaji kwa kufuli asubuhi na kuwafungulia alasiri. Madirisha nayo aliyaziba kwa mbao. Ndiyo maana humo ndani taa iliwaka mchana wa jua kali.

"Kombo! Fungua, tunakufa!"

Kombo alikuwa msimamizi wa ghala, na kazi yake ilikuwa kukaa pale nje. Sauti yake ilipenya mbao ikitetemeka. "Ufunguo anao bwana! Ngojeni nimfuate forodhani!" Kisha wakasikia miguu yake ikitimua mbio.

Ngojeni! Moshi ulikuwa umekwisha kushuka kufikia vichwa. Sihaba, mwanamke mrefu mkimya, mtumwa wa bibi mmoja wa mtaa wa Dunda aliyemkodisha kazini, aliitumbukiza kaniki yake katika beseni la maji ya kuoshea sandarusi, akaizungusha mikononi, akaanza kuyavuta makanda yaliyoshika moto ili wenziwe wapate pa kusimama. Mwajabu akaangaza macho huku na huko. Akaiona boriti iliyoegemezwa pembeni.

"Shikeni hii! Ukuta wa nyuma ni fito na udongo. Twangeni!"

Wakaikamata, hawa huku na hawa kule. Hakuna mwanamke wa pwani ya Mrima asiyejua kupokezana mchi, basi mapigo yakaja yenyewe. Haya! Udongo ukapukutika. Haya! Fito zikalia. Haya, kina mama, haya! Boriti ikazama, na jua likaingia kama mgeni aliyechoka kubisha hodi. Wakatoka kwa tumbo, mmoja baada ya mwingine, Mwajabu akiwasukuma kwa nyuma, na mwisho akamvuta Sihaba ambaye mikono yake ilikuwa imebabuka hata viwikoni.

Uchochoroni walikumbatiana, wengine wanacheka, wengine wanalia, wengine wanafanya yote mawili. Watu wakaja na ndoo, moto ukazimwa. Ndipo Bwana Taherali alipotokea mbio kutoka forodhani, kilemba mkononi, Kombo nyuma yake. Alitazama moshi. Alitazama tundu. Neno lake la kwanza likawa:

"Nani amevunja ukuta wangu?"

Kicheko cha Mwajabu kilikatika pale pale.

Kabla ya juma kwisha, askari wa baraza alipita nyumba kwa nyumba akiwaita. Bwana Taherali amewashitaki kwa kadhi. Anataka wachambuaji wote wafanye kazi bila ujira mpaka thamani ya ukuta na ya sandarusi iliyoungua itimie. Na wenye maghala wengine wamekwisha kuambiwa wasimpokee hata mmoja wao.

Wanawake walikutana uani kwa Mwajabu. Wengine walikuwa tayari kukubali. Mwenye nguvu mpishe, walisema. Tutafanya kazi, yatakwisha.

"Nikikubali kuulipa ukuta ule," alisema Mwajabu, "nimekubali kwamba ilinipasa kufa nyuma yake. Mimi sikubali."

"Tutasema nini kwa kadhi?" aliuliza mmoja. "Atataka shahidi, na sisi sote tulikuwa ndani."

Hilo ndilo lililomwinua Mwajabu. Juu ya ghala lile kulikuwa na vyumba, na katika vyumba vile alikaa Bi Nasim, mama yake Taherali, bibi wa Kihindi wa dhehebu la Bohora ambaye watu walimjua kwa sauti tu, akiwaita wauza samaki kutoka dirishani. Mwajabu alijitanda ukaya kichwani akapanda ngazi. 

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Wewe ni mmoja wao?"

"Ndiye mimi, bibi. Sikuja kuomba kitu. Nimekuja kuuliza: siku ile ulikuwa dirishani?"

Bibi kizee aliendelea kukuna nazi, hakuinua uso. "Nina mtoto mmoja," alisema.

"Mimi ninao wawili, bibi. Siku ile nusura wakose mama."

Mbuzi ya nazi ilisimama kidogo, kisha ikaendelea. Mwajabu akashuka bila ndiyo wala siyo.

Siku ya shauri mji ulifurika. Misafara ilikuwa imeshuka kutoka bara, na wapagazi, ambao nao walijua maana ya kugombana na mwajiri, walijazana mbele ya baraza kama walioitiwa ngoma. Liwali alikuwa amevuka kwenda Unguja, kwa hiyo aliyeketi kusikiliza alikuwa Kadhi Sadallah peke yake, mzee mwembamba mwenye tabia ya kufumba macho watu wakisema, hata wageni wakadhani amelala.

Mlangoni askari alinyoosha fimbo. "Wanawake hawaingii hivi hivi. Wakili wenu yuko wapi?"

"Tumeshitakiwa sisi," alisema Mwajabu. "Tutajibu sisi."

"Wakili!"

Hapo mumewe Mwajabu, Mwinyijuma, akajipenyeza mbele. Alikuwa fundi wa kusuka makuti, mtu wa maneno machache, na jasho lilikuwa linamtiririka. "Wakili wao ni mimi," alisema. Askari akampisha, nao wote wakamfuata ndani kama vifaranga. Kadhi alipomwambia aseme, Mwinyijuma alikohoa, akapiga hatua moja, akakohoa tena.

"Assalaam aleikum, sheikh. Mimi nimewekwa wakili na hawa. Nami... sauti yangu ni mbovu. Namweka mke wangu wakili aseme badala yangu."

Watu waliangua kicheko. Kadhi alifumbua jicho moja. "Wakili anaweza kumweka wakili mwenziwe, waliomtuma wakiridhika. Mmeridhika?"

"Tumeridhika!" waliitikia wanawake wote kwa mkupuo, hata kunguru wakaruka juu ya paa.

Bwana Taherali alianza. Alisema vizuri, bila matusi. Ukuta ni wake, mali ni yake, vimeharibiwa na watu aliowapa kazi. Asipolindwa yeye, ni nani atakayethubutu kuweka mali Bagamoyo?

Kisha Mwajabu akasema. Alieleza kufuli, mbao za madirisha, taa, moshi. Alipofika kwenye mikono ya Sihaba alimvuta rafiki yake mbele na kulifungua jani la mgomba lililofunika vidonda. Watu wakaguna.

"Wala hatukuja kujibu tu, sheikh. Na sisi tuna madai. Tunadai asitufungie tena. Tunadai huyu atibiwe. Na tunadai aliyetukataza kazi kwa wengine aondoe neno lake."

Bwana Taherali alisimama upesi. "Hapo hapana! Mimi ni raia wa Mwingereza. Kila mtu anajua kwamba madai juu yangu husikilizwa na balozi wao kule Unguja. Wakitaka kunidai, wavuke bahari."

Mnong'ono ukapita barazani. Ni kweli, mji mzima ulilijua jambo hilo. Ni mchambuaji gani angepata nauli ya kuvuka, na akifika, nani angemfungulia mlango wa balozi? Mwajabu aligeuka. Alimtazama Mwinyijuma, naye alikuwa anatazama vidole vyake vya miguu. Mara damu ikampanda, na maneno yakamjia kama maji ya mvua.

"Sheikh, ni nani aliyetuita hapa? Sisi hatukumleta Bwana Taherali kwenye baraza hili. Ametuleta yeye! Alipotaka kuchukua, kadhi alikuwa kadhi wake. Sasa anaambiwa atoe, kadhi amekuwa wa watu wengine? Kama mahakama yake iko Unguja, na aende nayo hiyo kesi ya ukuta wake, atuache tuende nyumbani. Kama ni hapa, basi ni hapa kwa wote!"

Nje wapagazi walipiga kelele hata askari wakagonga fimbo chini. Kadhi Sadallah alikuwa amefumbua macho yote mawili.

"Bwana Taherali. Umesikia. Unaliondoa shitaka lako?"

Taherali alimtazama mfanyabiashara mwenzake aliyeketi nyuma, akautazama umati, akapiga hesabu kichwani. Kuliondoa mbele ya mji mzima ilikuwa aibu. "Siliondoi," alisema.

"Basi umekubali baraza hili, kwa kudai na kwa kudaiwa. Sasa, ule mlango. Ulikuwa umefungwa au haukufungwa?"

"Ulikuwa umerudishwa tu," alisema Taherali, sauti imeshuka. "Kombo alikuwepo."

Kombo aliitwa. Alisimama akikunja kofia yake, akasema kwamba mlango ulirudishwa tu. Alisema kwa haraka, kama mtu anayemeza dawa chungu.

"Mwongo!" Sihaba alipaza sauti, mara ya kwanza watu kumsikia. "Ulituambia tungoje!"

"Mtumwa ushahidi wake haupokelewi kisheria," alisema kadhi, bila ukali. "Nataka aliyekuwa nje."

"Moto ulimpokea, sheikh," alisema Mwajabu. "Moto haukumuuliza yeye ni nani."

Kadhi alifumba macho tena. Na hapo ndipo umati ulipoanza kupasuka kutoka nyuma, watu wakipishana, wakinong'ona, mpaka akatokea bibi mfupi aliyejifunika rida nyeupe, akitembea polepole kwa mkongojo. Bwana Taherali aliinuka kama aliyechomwa na mwiba.

"Mama! Umekuja kufanya nini huku?"

Bi Nasim alipita mbele yake. Alimwendea Kombo, akasimama mbele yake.

"Kombo, mwanangu. Siku ile nilikuita kutoka dirishani. Nilikuambia, wafungulie watu hao. Ulinijibu nini?"

Kofia ilimponyoka Kombo. Midomo ilicheza bila sauti, kisha machozi yakaja kabla ya maneno. "Nilisema... nilisema ufunguo anao bwana, na ameniapisha nisifungue hata baba yangu akiwa ndani. Nisamehe, bibi. Nisameheni, kina mama. Kufuli lilikuwa limefungwa. Mimi nililifunga mwenyewe."

Baraza zima lilivuta pumzi. Mwajabu aliushika mkono wa mumewe akaubana bila kujua anaubana. Kadhi alimgeukia Taherali.

"Na wewe?"

Taherali alimtazama mama yake. Uso wake haukuwa wa mtu mbaya wakati ule. Ulikuwa uso wa mtu aliyeogopa wezi hata akasahau kuogopa jambo jingine lolote. "Ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu," alisema.

"Mwenye kukiri ameondoa haja ya shahidi." Kadhi alijiweka sawa, na sauti yake ikawa kubwa kuliko mwili wake. "Mwenye kumwajiri mtu amekodi mikono yake, hakununua pumzi zake. Aliyevunja ukuta kuokoa nafsi hana deni, dharura imemhalalishia. Hakuna mchambuaji atakayefanya kazi bure. Mlango wa ghala lako hautafungwa kwa nje watu wakiwa ndani. Katazo ulilopeleka kwa wenzako utaliondoa leo kwa ulimi wako. Na majeruhi utamtibu."

Vigelegele vilipaa. Wapagazi walianza wimbo wao wa safari, wanawake wakaingia katikati, na Mwinyijuma, yule wa sauti mbovu, akasikika akipiga mbinja kama kijana. Mwajabu aliinuliwa, akashushwa, akakumbatiwa na watu asiowajua. Alicheka mpaka mbavu zikamuuma.

Katikati ya shangwe alimtafuta Sihaba, akamkuta ameketi kwenye ngazi.

"Umeshinda, dada! Utatibiwa!"

"Nitatibiwa," alisema Sihaba. "Bibi yangu wa Dunda amekwisha kutuma mtu kuuliza kama na fidia itakuwepo, na kama iko aipokee yeye." Kisha akatabasamu, tabasamu la kweli. "Lakini umenisikia? Nimemwita mtu mwongo mbele ya kadhi."

"Nimekusikia. Mji mzima umekusikia."

Mwajabu aliketi kando yake. Furaha yake haikupungua, ila ilipata uzito, kama kanda lililolowa. Palikuwa na mambo ambayo baraza lile halikuyagusa, naye aliyajua. Alichukua kipepeo cha ukindu akampepea rafiki yake mikono, taratibu, huku ngoma ikilindima nyuma yao.

Asubuhi ya pili alikuwa anafagia ua aliposikia makelele upande wa maghala ya pembe za ndovu. Jirani alipita mbio, kanga begani.

"Mwajabu! Vibarua wa kule wamekaa chini mbele ya mlango. Wanasema hawaingii mpaka kufuli lipelekwe kwa kadhi. Msimamizi anatukana, wao wanaimba. Wanakutaka wewe!"

"Mimi nikafanye nini?"

"Wanasema wewe ni wakili!"

Mwajabu alitazama nyumba. Mwinyijuma alichungulia kutoka ndani, ukuti mkononi, akamwashiria kwa kidevu: nenda. Akauangusha ufagio, akajitanda ukaya wake, na kabla hajafika njia panda alikuwa amekwisha kuanza kukimbia.