Ng'ombe Hapigiwi Kengele

Machogu alikuwa mtu mzuri mpaka umtajie mdogo wake. Angekukaribisha uji, angekubebea gunia lako la pareto mpaka kituoni na asikudai hata asante. Lakini useme tu kwamba Mogire ameonekana sokoni amevaa shati jeupe, basi uso wake ungekunjamana papo hapo, na uji ule ungeumaliza mwenyewe kwa haraka ukatafute njia.

Walikuwa watoto wa baba mmoja, Mzee Ombui wa kule nje ya Nyamira, ila mama mbalimbali. Machogu alitoka nyumba kubwa, Mogire nyumba ndogo. Aliyelelewa katika boma la wake wawili hahitaji kuelezwa zaidi. Wagusii wana neno lao la chuki ya wake wenza, engareka, na watoto hulinyonya pamoja na maziwa. Machogu alilinyonya hadi akashiba. Mogire, sijui ni kwa nini, hakulionja. Tangu utotoni alimfuata kaka yake huku na huko akicheka, na kucheka kwake ndiko kulikomchoma Machogu kuliko matusi.

Mwaka wa 1966 Mogire alipata mchumba. Jina lake Bonareri, binti wa Mzee Momanyi wa ng'ambo ya Sironga, msichana wa kwaya, mrefu, mwenye sauti ambayo watu waliingia kanisani mapema kwa ajili yake. Mahari ikakubaliwa ng'ombe sita. Nyumba ndogo ilikuwa na watano. Wa sita, akasema Tata, ndivyo walivyomwita baba yao, atatoka nyumba kubwa: yule mtamba mwekundu mwenye doa jeupe pajini.

Sasa mtamba huyo alikuja bomani kwa mahari ya Mong'ina, dada wa Machogu wa tumbo moja. Na kwa desturi, ng'ombe wa mahari ya dada ni wa kaka zake wa tumbo moja, si wa nyumba jirani.

"Ni wa kuazima," Tata alimwambia. "Dada yake Mogire akiolewa, atarudi huyu na ndama juu. Wewe mke unaye tayari."

"Sawa, Tata," Machogu alijibu.

Sawa hiyo ilimkwama kooni kama mwiba wa samaki. Ni kweli mke alikuwa naye, Orpah, mwanamke mchapakazi asiye na makuu, na alimwoa kwa ng'ombe hao hao wa Mong'ina. Hakuwa akipungukiwa na kitu. Alichokosa ni kumwona Mogire akikosa. Usiku alilala akimwona Bonareri akipita na mtungi mbele ya nyumba ya Mogire, na mtamba wake yeye, Machogu, ndiye aliyemleta. Roho ilimuuma hadi akageukia ukutani.

Basi, ili na yeye atajwe kwa jambo, akanunua baiskeli. Alikuwa na miaka thelathini na miwili na hajawahi hata kukalia moja. Akaenda kwa Otiende, fundi wa baiskeli aliyetoka upande wa ziwani, ambaye alikuwa na kibanda cha mabati pale sokoni Nyamira, na kumwomba amfundishe.

Otiende alikuwa mkali kuliko mwalimu wa shule. Siku ya kwanza alimfundisha breki. Ya pili, kushuka. Ya tatu, kushuka tena. Ya nne Machogu akajiona dereva, akamkuta ndama wa watu katikati ya njia, akampigia kengele kwa madaha. Ndama aliruka si pembeni bali mbele ya gurudumu, na kama Otiende hangekuwa ameshika karia, kile chuma cha kubebea mizigo, kwa nyuma, wangeokotwa vipande. Otiende alimshusha kwa kumvuta ukosi.

"Wewe Machogu, sikia. Mtu unaweza pigia kengele. Mtu iko na akili, itahama. Ng'ombe hapana. Ng'ombe ikisikia kengele nyuma yake haijui ni kitu gani, inaruka, na itaruka mbele yako. Ng'ombe hapigiwi kengele! Ukiona moja, shuka, sukuma mpaka umepita."

"Na kama wenyewe hawataki kuwaondoa?"

"Shuka. Wewe ndiye umeleta chuma barabarani. Mnyama hajui kama wewe ni mwanafunzi."

Machogu alielewa. Kwa wiki mbili nzima alishuka kila alipoona mkia, hata wa mbuzi, na watu wakamcheka kwamba amenunua baiskeli ya kusukuma. Kwa hiyo asije mtu akaniambia kwamba hakujua.

Jumatano moja asubuhi, alikuwa akiteremka ule mteremko wa kuelekea Sironga. Murram, ile changarawe nyekundu ya barabarani, ilikuwa kavu, breki zinashika vizuri. Mbele yake, chini kidogo, akawaona: ng'ombe sita, na Mogire nyuma yao na fimbo, peke yake, ndani ya shati lile jeupe. Alikuwa akipeleka mahari. Alikuwa akiimba. Mtamba mwekundu alitangulia, anatikisa kichwa kama bibi harusi mwenyewe.

Machogu alikuwa na nafasi ya kushuka. Nafasi kubwa tu. Mguu wake wa kushoto ulikwisha kuacha pedeli. Ndipo Mogire, bila kugeuka, akarusha fimbo juu na kuidaka, kama mtu ambaye dunia yote ni yake. Machogu akarudisha mguu kwenye pedeli. Alitaka tu wale ng'ombe watawanyike mashambani, shati lile lichafuke kwenye migomba, Mogire akimbie kama mpumbavu na afike kwa wakwe amechelewa, ametota jasho. Hayo tu. Akapiga kengele. Akaipiga tena na tena, kidole hakiachi.

Mogire akaruka pembeni, wale watano wakatawanyika, lakini mtamba aliruka kukatiza barabara. Gurudumu likamgonga ubavuni, na wote wawili, mtu na mnyama, wakaenda mtaroni penye mawe.

Wahenga wanasema ng'ombe akivunjika guu hurejea zizini. Huyu hakurejea. Mguu wa mbele ulikuwa umevunjika chini ya goti, na alikuwa akijaribu kuusimamia, anaanguka, anajaribu tena. Machogu, goti lake likivuja damu, alimtazama na hakuweza kuondoa macho. Mogire alikuja mbio. Alimpita mtamba. Alimjia kaka yake kwanza, akamwinua kichwa.

"Umeumia wapi, ndugu yangu? Umeumia wapi?"

Mtamba alichinjwa pale pale barabarani. Nyama ikagawanywa, na jioni majirani wakamletea mgonjwa mguu wa nyuma apate nguvu. Orpah akauchemsha. Machogu akanywa mchuzi wote, kwa sababu angeukataa wangeuliza.

Hakuna aliyemlaumu. Hilo ndilo lililokuwa ajabu. Watu waliokuwa wakipalilia juu ya barabara walisikia kengele, na kwa watu wasiopanda baiskeli, kengele ni adabu. "Maskini, alijitahidi kuonya," walisema. "Bado anajifunza." Sabato ile mzee wa kanisa alishukuru mbele ya wote kwa kuokolewa kwa Machogu, na Mogire akasimama akashuhudia jinsi kaka yake alivyopiga kengele mpaka dakika ya mwisho. Kanisa zima likasema amina. Machogu naye akasema amina, na moyoni, nitasema ukweli ingawa unachukiza, alifurahi kidogo kwamba safari hii ni yeye aliyetajwa.

Mzee Momanyi hakuwa mtu mbaya, ila mwanawe wa kiume naye alikuwa na mchumba, na alingoja ng'ombe wa Bonareri ili aoe. Watano hawakutosha. Mogire akaomba muda, akaenda Kericho kuchuma majani chai apate wa sita. Aliporudi baada ya mwaka na nusu, mwanamume wa Kenyenya alikuwa amekwisha kuleta sita wazima, na Bonareri alikuwa ameondoka naye.

Mogire hakulia mbele ya watu. Alikaa wiki mbili akilima shamba la mama yake. Kisha ile pesa ya ng'ombe, ambayo sasa haikuwa na ng'ombe, akainunulia baiskeli, akaisukuma mpaka kwa Machogu.

"Nifundishe," alisema. Alikuwa amekonda. Hata kucheka alikuwa amepunguza.

Machogu angeweza kumpeleka kwa Otiende. Lakini Otiende alikuwa na mdomo, na Machogu alikuwa amemkwepa tangu siku ile. Akamchukua mwenyewe.

Siku ya tatu, Machogu akikimbia nyuma ameshika karia, walikunja kona wakamkuta Bitutu, mjane mzee, anamrudisha nyumbani ng'ombe wake mmoja mwenye mimba. Kamba ameizungusha kwenye kifundo cha mkono, mara tatu. Ng'ombe akiruka, ataruka na mkono wa bibi.

Kidole cha Mogire kikaenda kwenye kengele.

"Usipige!" Machogu alipiga kelele. "Shuka! Shuka, Mogire!"

Mogire akashuka kwa kujikwaa. Wakasimama kando kabisa, baiskeli imelala majanini. Bitutu akapita na ng'ombe wake pole pole, akawaombea baraka za Mungu, akaendelea.

"Kwa nini nisipige?" Mogire aliuliza. Aliuliza kama mwanafunzi tu.

"Ng'ombe hapigiwi kengele. Anashtuka, anaruka mbele yako."

"Nani alikwambia?"

"Otiende."

Mogire akaitazama ile kengele mpya. Kisha akauliza, kwa sauti ndogo:

"Lini?"

Uongo ulikuwa tayari mdomoni mwa Machogu, neno moja tu, "juzi", na mambo yangeisha. Mogire angeuamini. Angeuamini mara moja, kwa kuwa ndivyo alivyoumbwa, na Machogu, akimtazama, aligundua kwamba hata moyo ule wa kuamini aliuonea wivu. Mke alikuwa amemkosesha, mtamba alikuwa amemla, na bado alikuwa akimwonea wivu mtu huyu aliyekonda. Akaona hautaisha. Akachoka.

"Kabla," alisema. "Kabla ya siku ile. Nilijua, nikaipiga."

Alingoja kupigwa. Angependa apigwe. Mogire aliinama, akainua baiskeli yake majanini, akapangusa kiti kwa mkono wa shati.

"Bonareri ana mtoto sasa," alisema. "Nimesikia ni wa kiume."

"Ndugu yangu..."

"Shika karia," Mogire alisema. "Nifundishe mpaka nijue. Nikishajua, usiniite tena hivyo."

Machogu akashika karia. Akakimbia nyuma yake kwenye murram, akimwelekeza kila kitu alichokijua, hapa kanyaga, hapa legeza, hapa tazama mbele, akiomba kimoyomoyo mwanafunzi wake awe mzito. Lakini Mogire alikuwa mwepesi wa kujifunza. Kabla ya saa kumi alikuwa anakwenda peke yake.