Mfenesi Namba 114

Siku Thobias wa Kamati ya Mji wa Kijani aliponiletea barua, aliniamkia kwa adabu mpaka nikajua kuna ubaya unakuja nyuma yake. Barua ilisema shamba langu liko ndani ya mita sitini za mto, kwa hiyo nina siku saba za kuondoa mazao yote. Na mfenesi wangu pia.

"Mwanangu, mti nao unaharibu mazingira?"

"Unazaa, Bibi. Kinachozaa ni zao."

Mfenesi ule mama aliupanda kitovu changu kilipodondoka, akakifukia palepale na mbegu. Nina miaka sabini na moja.

Ng'ambo ya mto kamati yenyewe ilipanda miti mia tatu mwaka jana, mwezi wa nane, jua la kiangazi likiwaka. Waliifukia na mifuko yake ya plastiki, maana wageni walikuwa wamependeza na hakuna aliyetaka kuchafua kucha. Wakapiga picha, wakala pilau, wakaondoka. Mbuzi wa jirani yetu Rehani nao wakala miti. Likabaki bango.

Siku ya tano asubuhi namkuta Thobias shambani kwangu, anafunga vibao vya namba kwenye miti. Mwembe, mkangazi, mwarobaini. Mfenesi ukapata namba 114.

"Unaufunga hirizi?"

"Bibi, leo anakuja mkaguzi kutoka Dodoma kuangalia miti tuliyopanda. Mji wetu unagombea tuzo. Wewe nyamaza tu, ile barua tutaongea."

"Lini?"

"Tutaongea, Bibi."

Hiyo tutaongea ya maofisa naijua. Nikaenda kuvaa kanga yangu ya Idi, barua nikaifunga kwenye pindo.

Mkaguzi, Mama Magreth, alifika saa nne na viatu vya kisigino, vikawa vinazama topeni kila hatua. Akasimama chini ya mfenesi, akainua shingo. Kulikuwa na fenesi kubwa kuliko mkoba wake.

"Na huu ni wa mwaka jana?"

"Ndiyo, Mheshimiwa," Thobias akajibu. "Mbegu ya kisasa."

Nikapiga kigelegele.

"Mheshimiwa, kitovu changu kimefukiwa chini ya mti huu! Kama ni wa mwaka jana, basi na mimi nina mwaka mmoja. Nibebeni, sijajua kutembea!"

Watu wakaangua kicheko. Thobias alicheka kuliko wote, huku jasho linamtiririka.

Nikafungua pindo, nikampa barua yake.

"Nisaidie, mwanangu, mimi niliishia darasa la saba. Hapa nimeambiwa niukate keshokutwa. Ni wenu au ni wangu? Kama ni wenu, andika hapohapo kwamba usiguswe, na shamba lake. Kama ni wangu, tumvushe Mama ng'ambo akaone yenu."

Mama Magreth akatazama ng'ambo, mbuzi wamelala kwenye kivuli cha bango. Akatazama na viatu vyake.

"Kalamu ninayo," akamwambia Thobias.

Thobias aliandikia palepale, karatasi ameiegemeza kwenye mfenesi: shamba lote ni shamba la mfano la kamati, Bibi Mwanvita ndiye mtunzaji, mti wowote usikatwe. Mama Magreth akasaini ushahidi.

Tuzo walipata, ya pili.

Juzi Thobias kapita, harufu ya mafenesi yaliyoiva imemsimamisha njiani.

"Bibi, naomba hata kipande."

"Mali ya kamati hiyo, mwanangu. Lete barua."