Mgongo Uliofuatwa na Jua

Baada ya uji wa asubuhi, Moraa, mfanyakazi wa nyumbani, alimketisha Mama Phelesia kwenye kochi kubwa, akamfunika magoti kwa shuka, kisha akavuta mapazia ili jua lisichujue rangi ya kochi. Ndivyo ulivyokuwa utaratibu wa nyumba ile mjini Rongo, na aliyeuweka ni Levi, mwana wa Phelesia, kwa mapenzi.

Phelesia alikuwa ameanika omena, dagaa wa ziwani, katika kisiwa cha Remba tangu usichana wake, akiinama juu ya nyavu kuukuu zilizotandazwa mchangani, mgongo ukielekea jua. Omena hao ndio waliomsomesha Levi. Alipoajiriwa kufundisha chuoni, Levi alijenga nyumba ya vioo vyeusi, akaizungushia ukuta, akamleta mama yake apumzike. Mama wa msomi akionekana juani, watu husema mwanawe amemtupa. Hata omena hakupikiwa tena, bali minofu ya samaki aina ya mbuta isiyo na mfupa hata mmoja. Lango nalo lilitiwa kufuli, asije akateleza barabarani.

Nje ya ukuta, Bosibori aliuza mboga. Hawakuwahi kuonana, lakini walizungumza kila siku kupitia dirisha la jikoni.

"Mama wa ndani, umeamka?"

"Nimeamka, mama wa nje. Leo umeleta nini?"

"Managu na kelele zangu."

Phelesia alitaka jambo moja tu: kutoka kwa miguu yake mwenyewe, aketi kando ya Bosibori na kuiona sura yenye sauti hiyo.

Siku moja aliinua birika la chai, kifundo cha mkono kikavunjika. Daktari aliyemfunga plasta alimpima damu, akaeleza taratibu kwamba vitamini D ilikuwa imepungua mno mwilini. Kwa sababu hiyo mifupa ilikuwa dhaifu na mapaja hayakuwa na nguvu. Aliandika dawa. Alishauri pia omena waliwe na mifupa yao, na jua la asubuhi liguse ngozi, si kupitia kioo.

"Akianguka akavunja nyonga," alimwambia Levi, "huenda asitembee tena."

Levi alinunua dawa siku hiyo hiyo. Kuhusu jua, alisita.

"Mama, unataka waseme nimekurudisha kazini?"

"Wuoda, mwanangu, jua halina mwajiri."

"Majirani wana macho, Mama."

Wiki iliyofuata, kipande cha jua kiliwasili. Kilikuwa na upana wa mgongo wa mtu aliyeinama, na kilinuka omena. Kilikuwa kimetoka Remba, kikavuka ziwa, kikapita Homa Bay bila kutua, kikafuata barabara mpaka kwenye meza ya Bosibori. Hapo kilinyausha managu kidogo, naye akakionyesha lango. Kilijaribu kwanza dirisha, lakini kioo kilikipunguzia nguvu. Basi kikasubiri Moraa atoke na takataka, kikaingia kwa mlango.

"Futa miguu," Moraa alikiambia, kwa maana kilikuwa kimejaa mchanga.

Kilipanda kochi, kikatulia juu ya mgongo wa Phelesia, mahali pake pa siku zote.

"Umechelewa," Phelesia alisema. "Nilidhani umepata mgongo mwingine."

Tangu hapo kilifika kila asubuhi na kuondoka adhuhuri. Moraa alizoea kufagia mchanga na magamba. Bosibori naye alirusha omena juu ya ukuta, wakiwa wamefungwa kwenye gazeti, na Moraa akawapika wakati Levi yuko kazini. Phelesia alimeza dawa zake bila kuruka. Mvua za masika zilipokwisha, aliweza kusimama bila kushika meza.

Jumapili moja Levi alikikuta kipande hicho kochini. Alikitazama kwa makini, kama anavyotazama kazi ya mwanafunzi mzuri.

"Kinakuja kila siku?"

"Isipokuwa mvua ikinyesha Remba," Moraa alijibu.

Levi alilengwa na machozi ya furaha. "Basi mambo yamenyooka, Mama. Sasa huna haja ya kutoka nje." Akaagiza kochi lishonewe kitambaa kisichochujuka.

Phelesia aliinuka. Akiwa na kipande cha jua mgongoni, alipita mlangoni, akavuka ua polepole mpaka langoni. Levi alimfuata huku amenyoosha mikono, kama mzazi amfunzaye mtoto kutembea.

"Mama wa nje, niko hapa langoni."

"Umeletwa na nani?"

"Na miguu."

"Basi fungua nikuone, tuache kuwa redio."

Phelesia alimtazama mwanawe. Levi alitia mkono mfukoni, akaushika ufunguo, akasikia watu wakitoka kanisani na kuteremka barabarani.

"Kesho, Mama. Leo kuna watu wengi."

Siku nyingine pia alikuwa amesema hivyo hivyo. Phelesia alimpapasa shavu, kwa kuwa alikuwa mwana mwema, na kwa kuwa shavu lilikuwa karibu kuliko ufunguo. Adhuhuri ilikuwa imefika. Kipande cha jua kiliteleza kutoka mgongoni mwake, kikajibana, kikapita chini ya lango.

"Kimenifikia," Bosibori alisema kutoka upande wa pili. "Kumbe una mgongo wenye joto hivi."

Phelesia alirudi ndani kwa miguu yake mwenyewe, akaketi. Moraa akavuta mapazia.